Mlio na Ufa: Kuikagua Baiskeli ya Kaboni ya Milimani

Ilianza kwenye mpando wa mashamba ya kahawa juu ya Moshi, asubuhi ya ukungu. Kila mguu wa kulia uliposhuka, baiskeli iliitika: krii. Wa kushoto, kimya. Wa kulia, krii. Ulikuwa mlio wa kitanda cha mbao kilicholegea, na kwa masikio yangu ulitoka chini kabisa, pale krenki zinapopita kwenye fremu. Niliteremka hadi mjini nikamwambia fundi kwa uhakika wa mtu asiyejua: "Beringi za krenki zimekwisha, kaka. Weka mpya." Akaweka, nikalipa. Kesho yake, mpando uleule, krii.

Fundi hakuwa na kosa. Nilimpelekea hukumu badala ya kumpelekea mgonjwa.

Baiskeli yenyewe ilikuwa mtumba kutoka Ulaya, fremu ya kaboni, shokapu mbele na nyuma. Siku hizi si ajabu kuziona Moshi, Arusha, Nairobi au Kigali. Nyingine hushuka na makontena, nyingine huachwa na wageni. Tatizo ni kwamba wengi wetu tumekulia kwenye Phoenix ya chuma, ambayo ikipinda hunyooshwa na ikikatika huchomelewa. Kaboni haina tabia hizo. Na kosa la kwanza la mwenye baiskeli ya kaboni ni kudhani kwamba ikilia, imepasuka.

Mlio na ufa ni kesi mbili. Mlio, mara nyingi mno, ni vitu viwili vilivyobanwa pamoja vinavyosuguana kwa kiasi kisichoonekana: alumini na kaboni, bolti na uzi wake, beringi na tundu lake. Ufa ni ugonjwa wa fremu yenyewe, na unaweza kukaa kimya mpaka siku ya kukatika. Anayezichanganya kesi hizi ataitupa fremu nzima kwa sababu ya bolti kavu, au ataendelea kupanda fremu iliyopasuka kwa kuwa "mbona hailii?"

Tuanze na mlio, maana ndio unaokera.

Fremu ya kaboni ni tabaka nyembamba za nyuzi za kaboni zilizolowekwa gundi ya epoksi, zikapangwa kwenye kalibu na kuokwa. Ndani ni tupu. Bomba la chini, lile linalotoka shingoni kwenda kwenye krenki, ni pana, gumu, na ukuta wake ni mwembamba. Kwa maneno mengine, ni ngoma. Mkwaruzo mdogo kwenye ekseli ya nyuma husafiri ndani ya fremu na kutokea kwa sauti kubwa katikati, chini ya miguu yako. Ndiyo maana krenki husingiziwa kila siku.

Kwa hiyo usiulize kwanza "unatoka wapi?" Uliza "unatoka lini?" Panda kilima ukiwa umekaa, kisha simama juu ya pedali bila kubadili gia. Ukinyamaza uliposimama, acha krenki kabisa; tafuta kwenye siti. Ukiendelea, acha kukanyaga uteremke: ukilia hata hapo, hauhusiani na krenki wala pedali, angalia magurudumu, shingo na shokapu. Hesabu pia. Mlio mmoja kwa kila mzunguko wa krenki ni wa upande wa pedali na krenki, au wa kitu kinachovutwa na mnyororo mguu mmoja unapokanyaga. Unaofuata kasi ya gurudumu ni wa spoku, diski au habu. Unaokuja ukivuta usukani kwa nguvu ni wa mbele. Unaolia kiangazi na kutoweka ukipita kwenye maji karibu kila mara ni ukavu na vumbi mahali fulani, na maji yameulainisha kwa muda.

Kisha uulize baiskeli ikiwa imesimama. Egemea ukuta, shika breki zote mbili, weka pedali mbele na uikandamize kwa mguu bila kusogea. Mwenzako aguse kwa ncha za vidole kiungo kimoja baada ya kingine. Kidole husema kweli zaidi ya sikio: palipo na mkwaruzo utahisi mpigo mdogo kama mshipa. Mafundi wa magari huweka bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni. Mbinu hiyo inafaa hapa pia.

Kabla ya kufungua bolti yoyote, osha baiskeli kwa ndoo na sabuni, ikauke. Mashine ya maji ya kuoshea magari usiielekeze kwenye beringi, kwa sababu itasukuma udongo ndani na grisi nje. Halafu sheria ambayo mimi niliivunja ikanigharimu: badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kingine. Ukifungua vitu vitano kwa mkupuo na mlio ukaisha, hujajifunza lolote, na ukirudi utaanza upya.

Siti ndiyo ya kwanza kwa sababu ni rahisi na ina hatia mara nyingi. Toa nguzo yake, futa ndani na nje kwa kitambaa kikavu. Chembe moja ya mchanga inatosha kulia. Nguzo ya alumini ndani ya fremu ya kaboni, au nguzo ya kaboni yenyewe, haipakwi grisi ya kawaida. Inapakwa krimu maalumu ya kaboni yenye chembechembe ndogo zinazouma pande zote mbili, ili nguzo ishike bila kubanwa kupita kiasi. Nguvu ya kukaza huandikwa kwenye kibano chenyewe, mara nyingi karibu na 5 Nm. Kipimo hicho ni kidogo kuliko mkono wa mtu mwenye hasira, kwa hiyo nunua au azima spana ya kipimo, ile inayotoa "tak" nguvu ikifika. Angalia pia vibano vinavyoshika reli za siti, na usiivute nguzo juu kupita alama ya mwisho iliyochorwa.

Wasomaji wa pwani wana la ziada. Kaboni hupitisha umeme, na ikigusana na alumini penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Huota unga mweupe, huvimba, na nguzo hunasa ndani ya fremu kama iliyotiwa saruji. Ukikaa Tanga, Mombasa au Unguja, toa nguzo ya siti kila baada ya miezi michache, ifute, ipake krimu upya. Iliyokwisha kunasa usiipige nyundo. Fremu itapasuka kabla nguzo haijatoka.

Pedali hazina mengi. Zitoe, safisha nyuzi za bolti, paka grisi, kaza vizuri, kama 35 Nm au zaidi kidogo. Kumbuka ya kushoto hufunguka kinyume. Ukiweza azima pedali za rafiki na ukazunguka nazo, umemaliza kesi hiyo kwa dakika kumi. Kama unavaa viatu vya kunasa, bolti za chini ya kiatu nazo hulia, na zimewaaibisha wengi.

Sasa krenki, na hapa kuna historia kidogo. Zamani vikombe vya beringi vilifungwa kwenye fremu kwa kuzungushwa kama skrubu. Mwaka 2000 kampuni ya Cannondale ilileta mfumo wa BB30: ekseli nene ya milimita 30, na beringi zinazokandamizwa moja kwa moja ndani ya fremu bila kuzungushwa. Mwaka 2006 ikauachia watengenezaji wengine wautumie, na baada yake ikafuata mifumo mingine ya kukandamiza. Kwenye karatasi ni wazo zuri, jepesi na gumu. Lakini linadai tundu liwe duara kamili, kipimo chake kiwe sahihi hadi sehemu za mia za milimita, na matundu mawili yatazamane kwenye mstari mmoja. Fremu inayotoka kwenye kalibu haifiki hapo kila mara. Tundu likiwa kubwa kidogo au limepinda, beringi hutikisika kila mguu unaposhuka, na hakuna grisi itakayoponya hilo moja kwa moja.

Hii ni kasoro ya fremu, japo si ufa. Dalili yake ni beringi mpya zinazokufa ndani ya miezi michache na mlio unaorudi baada ya kila matengenezo. Mwombe fundi apime tundu kwa kipimo cha ndani badala ya kukisia. Baiskeli ikiwa bado ina dhamana, irudishe. Ikiwa haina, kuna vikombe vinavyopita ndani ya fremu na kufungana vyenyewe kwa vyenyewe katikati, vikaibana fremu badala ya kuitegemea. Vimeokoa fremu nyingi. Ipo pia gundi ya kushikilia beringi, ila lazima iwe ile mtengenezaji anayoikubali kwa kaboni. Kampuni ya Santa Cruz ya Marekani iliendelea kutumia vikombe vya kuzungushwa wakati wengine wakihamia kwenye vya kukandamiza, na kwa maoni yangu muda umewapa haki. Chochote utakachofanya, usikubali beringi zitolewe kwa bisibisi na nyundo. Upo ukandamizaji wake na utoaji wake, kila kimoja na kifaa chake.

Baiskeli yenye shokapu ya nyuma ina viungo vingi kama mkono wa binadamu, na kila kiungo kina bolti na beringi. Simamisha baiskeli, inua siti taratibu kama unayetaka kuipima uzito: ukisikia kugonga kidogo kabla gurudumu halijanyanyuka, bushi za shokapu au beringi za viungo zimelegea. Fungua shokapu upande mmoja na usogeze mkono wa nyuma juu na chini kwa mkono. Uende laini, bila kukwama wala kusaga. Bolti za hapa hukazwa kwa kipimo cha mtengenezaji.

Mbele, vuta breki ya mbele na usukume usukani mbele na nyuma huku vidole vya mkono mwingine vikigusa beringi za shingo. Ukihisi kucheza, legeza bolti za pembeni za stemu (kipande kinachoshika usukani), kaza bolti ya juu taratibu mpaka mchezo uishe, ndipo urudishe za pembeni. Wengi hukaza ya juu bila kulegeza za pembeni, na hawapati kitu. Kuna mlio mmoja wa mbele usiokuwa na dawa ya kijiweni: ule unaotoka pale mabomba mawili ya shokapu yanapoingia kwenye kichwa chake. Yameshindiliwa kiwandani, hayafunguki, na yakianza kulia kipande kizima hubadilishwa.

Spoku, diski na kaseti nazitaja tu. Bana spoku mbilimbili kwa viganja, kaza ringi ya kaseti, kaza bolti za diski, na mikono yenye grisi isiguse diski. Nyaya zinazopita ndani ya fremu hugonga, hazilii, zivishwe sponji.

Kipo kipande kimoja ambacho watu hukisahau, nacho ndicho kilichokuwa changu. Nyuma kulia, pale ekseli inapoingia, kuna sikio dogo la alumini linalobeba kifaa cha kuhamishia mnyororo. Halikuchongwa na fremu. Limefungwa kwa skrubu au limebanwa na ekseli yenyewe, ili likigonga jiwe livunjike lenyewe na fremu ipone. Mguu wa kulia unaposhuka na mnyororo kuvuta, sehemu hiyo hubanwa na kuachiwa. Nilipolitoa, kati yake na fremu mlikuwa na vumbi jekundu laini kama unga wa kinu. Nililifuta, nikapaka grisi nyembamba kama mtu mwenye siagi adimu anavyopaka mkate, nikakaza ekseli. Mpando wa kahawa ukanyamaza.

Kesi ya kwanza ikaishia hapo, na ya pili haisubiri mlio.

Fremu ya kaboni ikaguliwe kila inapooshwa, na kila baada ya kuanguka, iwe imelia au haijalia. Nyuzi za kaboni zina nguvu ya ajabu kwa urefu wake, lakini pigo la nukta moja kutoka ubavuni, kama ncha ya jiwe, huvunja gundi na kubandua tabaka. Chuma kingepinda ukaona. Kaboni hurudi umbo lake, rangi ikabaki na alama ndogo, na uharibifu ukakaa ndani.

Itundike au igeuze juu chini, ifute kwa spiriti, kisha zima taa na umulike kwa tochi kutoka pembeni, si moja kwa moja, ili kila mbonyeo utupe kivuli. Angalia chini ya bomba la chini, mahali mawe yanaporukia. Angalia nyuma ya shingo, kuzunguka krenki, na juu ya bomba la siti chini ya kibano, ambako kukaza kupita kiasi hupasua. Angalia mkono wa nyuma wa kulia ambako mnyororo ukiruka husaga, na ubavu wa bomba la juu ambako usukani hugonga ukianguka. Kwetu kuna sehemu nyingine: alama za kamba. Baiskeli iliyofungwa juu ya basi kwa kamba ya mpira iliyovutwa na konda mwenye nguvu inaweza kubonyezwa bomba la juu bila mtu kujua. Hata fundi akiitundika kibanio chake kishike nguzo ya siti, si bomba la fremu.

Mkwaruzo wa rangi na ufa hufanana kwa mbali. Pitisha ukucha: mkwaruzo una kingo laini, ufa hunasa. Pitisha pamba: ikiacha nyuzi, kuna nyuzi za kaboni zilizochomoza. Bonyeza kwa dole gumba pande zote mbili. Penye afya ni pagumu kama jiwe, palipobanduka panarudi nyuma kidogo au hutoa mlio kama wa karatasi kavu. Kisha chukua sarafu ugonge taratibu, ukisogea kidogo kidogo. Kaboni nzima hujibu "tik" kavu na kali. Iliyobanduka hujibu "dup", kama kuta za udongo zilizolowa. Sauti hubadilika pia penye ukuta mnene au kipande cha alumini ndani, kwa hiyo linganisha kulia na kushoto mahali palepale. Sarafu inakupa shaka. Uhakika hutolewa na vipimo vya mawimbi ya sauti au picha za ndani.

Ukiwa na shaka na alama ndogo isiyo shingoni, weka penseli nyembamba kwenye ncha zake mbili, andika tarehe, piga picha na sarafu pembeni. Ikivuka penseli, si rangi. Alama ya shingoni au kwenye usukani wa kaboni haisubiriwi hivyo. Palipo laini, mlio mpya ulioanza baada ya kuanguka, usukani unaohisi tofauti: shuka, tembea. Kaboni haikupi taarifa ya pili.

Kama kuna dhamana, usisugue rangi wala kuziba kitu. Piga picha, chukua namba iliyo chini ya krenki, weka risiti. Kwa mtumba dhamana kwa kawaida haikufuati, kwani hubaki kwa mnunuzi wa kwanza, hivyo ukaguzi wako ufanyike kabla ya hela kutoka. Mwombe muuzaji atoe nguzo ya siti mbele yako na umulike ndani. Stika mpya iliyokaa peke yake mahali pasipo na sababu, ibandue. Rangi inayong'aa sehemu moja tu, igonge sarafu mara mbili.

Fremu iliyopasuka inaweza kutibiwa na mtu anayejua. Husugua tabaka zilizokufa kwa mteremko mpole, akaweka nyingine kufuata mielekeo ileile ya nyuzi kwa epoksi, akazibana na kuzipasha joto. Fundi wa boti za faiba ni mstadi wa kazi yake, lakini nyuzi za kioo na resini ya boti si dawa ya shingo ya baiskeli inayoteremka kwa kilomita 40 kwa saa. Na asuguaye kaboni avae barakoa, vumbi lake si la kuvuta.

Ile baiskeli yangu ilipokuwa imegeuzwa juu chini kwa ajili ya lile sikio, tochi ilipita chini ya bomba la chini, ikaonyesha mstari wa sentimita tatu chini ya stika. Nikagonga kwa sarafu ya shilingi 200. Tik, tik, dup. Dole gumba likazama kidogo. Mahali pale hapakuwahi kulia hata siku moja. Nilitoa magurudumu, shokapu na breki, kisha nikaikata fremu vipande viwili kwa msumeno wa chuma ili mtu asije akaiuza tena.